Neno Alilovumilia Hannah Telfer

Ndugu waombolezaji, marehemu mama yetu, Hannah Telfer, alizaliwa tarehe 14 Februari 1938 katika shamba la kondoo juu ya bonde la Coquet, Northumberland, akiwa mtoto wa nne wa Adam Rutter. Alisoma Rothbury hadi mwaka 1953, alipoitwa nyumbani kukamua ng'ombe baada ya kufiwa na mama yake, na alipolia, bibi yake alimwambia, "Thole, mwanangu," yaani vumilia, neno ambalo huku bondeni mtoto hulipata kabla ya meno.

Aliajiriwa kuwa mpishi wa shule tarehe 3 Septemba 1956, akafunga ndoa na Matthew Telfer tarehe 6 Juni 1959, wakajaliwa watoto wawili, mimi Elspeth na mdogo wangu Robin, aliyefukiwa na theluji Januari 1971 akiwa na miaka tisa. Siku ya maziko kila aliyempa Mama mkono alimwambia lile lile neno, mpaka mwalimu mkuu, Bwana Forster, alipomweleza kwamba miaka elfu iliyopita lilimaanisha pia kukosa, kupokonywa kilicho chako. Mama akasema, "Basi walioliunda walinijua."

Alianza kuumwa tumbo Oktoba 2016, akanyamaza mwaka mzima na zaidi, hadi nilipomkuta kwenye chumba cha maziwa, ameuma taulo asisikike, nikampeleka hospitalini.

"Bibi, mbona umechelewa hivi?" daktari alimuuliza.

"Nilikuwa navumilia."

"Nani alikutuma?"

Saratani ilikuwa imeshafika kwenye ini.

Ndugu zangu, sisi ndio tuliokuwa tukimsifu kwa kuvumilia. Jumanne tarehe 13 Machi 2018, saa nne asubuhi, alipiga kelele mpaka mbwa wakabweka, nami kwa mazoea nikamwambia, "Thole, Mama." Alinitazama kana kwamba nimempiga kofi.

"Sitaki! Nimechoka nalo, Elspeth. Nishike tu."

Nikapanda kitandani nikamshika, akalia yote, ya mama yake, ya Robin, ya tumbo lile, asimwonee mtu haya, na saa tisa alasiri akafariki mikononi mwangu.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliozalisha kondoo wetu wiki zile, na wenzake wa jikoni shuleni. Nina ombi moja, mtakaponipa mkono pale mlangoni, msiniambie nivumilie, maana siwezi.

Mama, pumzika kwa amani, sisi huku tutalia kwa sauti.