Mtamba Mmoja, Lenzi Mbili

Benchi lilitengenezwa kwa mbao za mkokoteni wa ng'ombe uliokwisha kazi, na lilikaa mbele ya studio ya Salvatory pale Bariadi, barabara inapokata kuelekea kiwanda cha kuchambua pamba. Siku hizo Bariadi ilikuwa bado wilaya tu ya mkoa wa Shinyanga, na soko huria lilikuwa limeingia kama mgeni asiyepiga hodi: pamba ananunua yeyote mwenye mizani, viatu vya mtumba vinapangwa hadi mlangoni mwa kanisa, na ng'ambo ya barabara kumefunguliwa studio mpya yenye taa za rangi inayowameza maharusi wote wa mjini. Hapo benchini hukuti nafasi tupu. Yupo Mahona, dalali wa ng'ombe, ambaye wote wanamwita Mnada. Yupo Shigela, fundi baiskeli asiyeachana na redio yake hata akiziba pancha, na jina lake ni hilohilo, Redio. Na yupo Marcelo na birika lake la kahawa, mtu wa maneno machache mpaka yaanze, na yakianza utaomba mvua.

Siku hiyo ubishi haukuwa wa mpira wala wa bei ya pamba. Katikati ya benchi, juu ya kitambaa cheusi cha studio, zilikuwa zimelala lenzi mbili. Moja ndefu nyembamba mithili ya mchi. Nyingine fupi, nene, yenye mdomo mpana. Keneth, mchuuzi wa Mwanza anayeuza chochote kilichowahi kumilikiwa na Mzungu, alikuwa ameziacha hapo akaenda kula ugali. Akirudi anataka jibu. Bei yake ni moja kwa yoyote utakayochagua: mtamba wa Salvatory, yule ng'ombe mwekundu mwenye doa usoni.

Salvatory alikuwa hajapata usingizi mzuri tangu kampuni mpya ya pamba ilipomwita. Walitaka kalenda ya wanyama wa Serengeti ya kuwagawia wakulima, na Jumamosi gari lao lingempeleka porini. "Wanyama unawaweza?" walimuuliza. Akajibu, "Ndiyo kazi yangu." Kumbe simba pekee aliyewahi kumpiga picha ni yule wa kwenye pazia la studio, naye alichorwa na fundi aliyezoea mbuzi. Kalenda ikienda kwa jirani mwenye taa za rangi, studio inafungwa. Na mtamba akienda bure, mke wake Wilhelmina alishasema asubuhi, kwa sauti ya upole iliyotisha zaidi ya makelele: "Huyo mtamba akitoka, kamba yake nitakuachia wewe."

— Mimi nasema hivi, alianza Mnada. Lenzi ni kama dume la ng'ombe. Huangalii pembe, unaangalia kifua. Chukua hii nene.

— Mnada, hii nene inafika karibu tu, Salvatory alisema. Inavuta jua vizuri, lakini mnyama akiwa mbali anabaki kama kunguni. Hii ndefu ndiyo inayovuta.

— Basi ndefu.

— Ndefu ina giza ndani. Na wanyama wanatoka alfajiri na magharibi, jua likiwa dogo.

— Basi mwambie simba atoke saa sita.

— Nani amwambie?

— Si kampuni? Kampuni ina gari.

Mnada hakungoja kujibiwa. Aliinyanyua ile nene, akanyoosha mkono na kuitazama kwa jicho moja kama anayekagua meno ya ng'ombe mnadani. Akashtuka hadi kofia ikamdondoka.

— Jamani! Studio ya jirani imepinduka! Mlango uko juu, paa liko chini!

Salvatory alijua ni kosa, lakini moyo wake ulifurahi kabla akili haijamkataza. Shigela akaipora lenzi, akatazama, naye akaguna.

— Kweli bwana. Na mlinzi wake anatembea kichwa chini. Mbovu hii. Keneth katuletea mbovu.

— Si mbovu, Salvatory alisema. Lenzi zote ziko hivyo ukizitazama zenyewe. Mpaka uifunge kwenye kamera, mle kuna kioo cha kugeuza.

— Hapana, alisema Shigela, akipunguza sauti ya redio ili apandishe yake. Nilisikia kwenye taarifa. Ulaya iko upande wa chini wa dunia. Kwao hii inaonyesha sawasawa. Wakituletea sisi, ndiyo inapinduka. Haya ndiyo mambo ya soko huria, unaletewa kitu hakijageuzwa.

— Na mashati ya mtumba mbona hayajapinduka?

— Lako mwenyewe jana ulilivaa kinyumenyume.

Hapo palikuwa na ukweli, Mnada akanyoosha kikombe. Marcelo akamimina.

Salvatory alichukua kamera yake ya Kirusi, akaisokotea ile ndefu, akaielekeza kwenye bomba la kiwanda cha pamba. Bomba likaja karibu kiasi cha kuhesabu tofali zake, na papo hapo likaanza kutetemeka kama lina homa. Kila pigo la moyo wake lilikuwa linatikisa kiwanda kizima.

— Inatetemeka, alisema.

— Mwenye macho haambiwi tazama, Mnada alisema kwa busara.

— Methali hiyo inaingiaje hapa?

— Imeshaingia. Weka kwenye bega la Redio.

Wakamsimamisha Shigela kama nguzo, lenzi ikalala begani. Bomba likatulia kidogo, kisha likaanza kupanda na kushuka.

— Acha kupumua, Salvatory alimwambia.

— Mpaka lini?

— Mpaka simba atulie.

— Je, akilala?

— Basi ungoje aamke.

— Ngosha, mimi nina watoto.

Shigela akapumua kwa nguvu, kiwanda cha pamba kikaruka. Salvatory aliigeuza kamera kwa Marcelo aliyekuwa hatua chache tu mbele yake, akazungusha lenzi huku, akazungusha kule. Hakuona Marcelo. Aliona ukungu wa rangi ya kahawa, basi.

— Mtu wa karibu haonekani, alisema.

— Marcelo si mnyama, alisema Mnada. Lenzi inajua kazi yake.

Marcelo akaweka birika chini. Wote wakajua kimewaka.

— Niulize kitu, alisema. Simba yuko kule, ng'ambo ya mto. Sawa?

— Sawa.

— Unachukua kitu hicho, unamvuta mpaka hapa, sharubu unaziona moja moja. Sawa?

— Ndiyo kazi yake.

— Umemvuta wewe tu, au na yeye kakuvuta?

Mnada akaiokota kofia yake.

— Maana njia ni moja, Marcelo akaendelea. Kama sharubu zake ziko hapa, na mimi pua yangu iko kwake. Simba si mjinga. Atasema, huyu mtu alikuwa mbali, mbona leo kajileta?

— Lakini ni picha tu, Salvatory alisema.

— Wewe unajua ni picha. Simba kaambiwa na nani?

— Marcelo ana hoja, alisema Shigela. Ndiyo maana wale watalii wanakaa ndani ya gari na vioo wamefunga. Nilikuwa najiuliza.

— Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka, Mnada aliongeza.

— Hakuna anayeua nyoka, Mnada!

— Ndiyo hivyo. Sasa wewe unampa Keneth mtamba mzima kwa fimbo ya mbali. Dawa yake ni usalimie mizimu ya simba kwanza, useme ukoo wako, halafu umsogelee na kamera hii hii ndogo, pole pole, ukimwambia habari za nyumbani. Simba wa huku anajua Kisukuma.

— Je, akiwa ametoka upande wa Mara?

— Hapo, alisema Mnada, itabidi twende na mkalimani.

Salvatory alicheka nao. Kisha akawatazama watu wake. Mnada aliuza ng'ombe maisha yake yote kando ya hifadhi. Shigela alizaliwa Bariadi. Kwake mwenyewe, ukitoka asubuhi kwa baiskeli, jua halijawa kali umeshaona mwanzo wa pori. Na wote watatu hawajawahi kukanyaga mle ndani.

Ndipo akatokea mama mmoja mtu mzima, kanga kiunoni, miguu imekolea vumbi la njia ndefu. Mkononi alishika suke la mahindi lililosagwa kama limepitiwa na trekta.

— Mwadila, alisema.

— Mwadila, mayu, wakaitikia wote, na Shigela akampisha kwenye benchi.

— Mpiga picha ni nani hapa?

— Ni mimi mayu, Salvatory alisema. Karibu. Picha ya ukubwa gani?

— Ukubwa wa tembo.

Mnada akapaliwa na kahawa. Mama hakucheka. Alisema anaitwa Nyanjige, anakaa kule mpakani mwa pori, na tembo wamekuja shambani kwake usiku wa siku tatu mfululizo. Alikwenda kwa bwana nyama, yule wa idara ya wanyamapori, akaambiwa tembo hawafiki huko, labda ni ng'ombe wa jirani. Kama anabisha, alete picha.

— Nikamwambia, ng'ombe gani huyo anayeng'oa mpapai? Akasema, lete picha. Basi nimekuja kuchukua mpiga picha.

— Mayu una bahati, alisema Mnada akijipangusa. Tuna lenzi ya kumvuta tembo kutoka mbali, umwone mpaka kope.

— Kumvuta?

— Kumleta karibu kabisa!

Nyanjige akamtazama Mnada jinsi mtu anavyomtazama mkwe aliyelewa.

— Baba, juzi amesimama kati ya jiko na choo. Mimi nikiwa chooni. Unataka aje karibu, akae wapi?

Salvatory akaitazama lenzi ndefu, akamtazama Marcelo, yule wa ukungu. Kwa umbali huo, lenzi ndefu ile ingempa ukungu wa rangi ya tembo, na ikifanya hisani, kipande cha sikio.

Keneth akarudi wakati huohuo, mdomo unang'aa mafuta, kamba ya kufungia mtamba ameshaikunja begani.

— Haya wakubwa! Imechaguliwa ipi? Maana nina mteja mwingine kule Binza, ananing'ang'ania.

Macho yote yalikuwa kwa Nyanjige, aliyekuwa ameiokota ile nene. Aliishika mbali na uso, kama Mnada alivyofanya, akaielekeza ng'ambo ya barabara alikosimama dume mmoja mkubwa wa mkokoteni akingoja magunia ya pamba. Alitazama. Akaendelea kutazama. Uso wake, uliokuja umekunjamana, ukaanza kufunguka pole pole, na mwishowe mama akacheka kicheko cha msichana.

— Yule dume! Kawa mdogo kama panzi! Na miguu iko juu!

— Mama una jicho la biashara, Keneth akasema. Hicho ni kitu cha Ujerumani.

— Hiki ndicho, alisema Nyanjige. Hiki nakichukua mimi. Mtamba ninao, hata wawili. Tembo akiwa hivi, mdogo, miguu juu, atakula mahindi ya nani?

Benchi zima likaangua kicheko, na Salvatory akacheka zaidi ya wote, kisha akaona haya, kwa sababu mama hakuwa akitania. Aliishika kwa mikono miwili, jinsi mtu anavyoshika dawa ya mtoto.

— Ila baba, nieleze, Nyanjige alimwambia Keneth. Nikikishusha, watabaki hivihivi?

Keneth, mwenye jibu kwa kila mteja kuanzia Mwanza mpaka Maswa, alijipangusa mafuta mdomoni. Shigela akainamia redio yake, nayo ikatoa mkwaruzo mtupu. Mnada alitafuta methali, ikaonekana wazi kabisa usoni mwake kwamba anaitafuta, na haikuja. Marcelo akaliinamisha birika juu ya kikombe chake mwenyewe. Halikutoka hata tone.

Nyanjige alishusha lenzi. Ng'ambo ya barabara dume akawa dume, mkubwa kama alivyokuwa. Akamtazama kidogo, akairudisha lenzi juu ya kitambaa cheusi, taratibu.

Salvatory aliisokotoa ile ndefu kwenye kamera, akairejesha lenzi yake fupi ya siku zote, ile ya maharusi na picha za vitambulisho. Akachukua mkoba, taa ya mweko na filamu mbili.

— Keneth, mtamba hatalala kwako leo. Nenda Binza.

— Na kalenda je? Mnada akaropoka. Utawapelekea watu wa pamba nini?

— Tembo kwenye mahindi. Wakulima watamjua.

— Miezi yote kumi na miwili?

— Kama watakuja usiku wa leo wengi, ndiyo.

Aliogopa. Lakini alishafunga mlango wa studio, na simba wa kwenye pazia akabaki ndani peke yake na sura yake ya mbuzi.

— Mayu, kwako ni mbali?

— Si mbali, Nyanjige alisema, akijifunga kanga upya kwa safari. Ukisikia madebe yanapigwa kufukuza tembo, umefika.

Marcelo akalitazama birika lake tupu. Akaligonga mara moja kwa kijiko, likalia vizuri tu, naye akainuka akawafuata.