Mzee Hamdani, Aliyeigongea Intaneti Muhuri

Kamembe, tarehe 29 Juni 2012

Kwa Papa Hamdani Kamali,

Kesho, tarehe 30 Juni, Papa Hamdani Kamali anastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Inkombe kwa miaka ishirini na sita. Directrice wetu, mkuu wa Kituo, Maman Védastine, ameniagiza niandike habari zake kana kwamba hayupo chumbani, maana ndivyo jarida letu linavyotaka. Kwa hiyo, Papa Hamdani, kaa hapo na Fanta yako usikie unavyosemwa. Ukiwa na la kusahihisha, subiri nimalize.

Alianza mwaka 1986 akiwa fundi wa mashine za kuandikia. Kituo kilikuwa kikifundisha wasichana kupiga taipu, naye alizunguka kati ya meza, bisibisi imekaa sikioni kama kalamu. Inasemekana aliweza kutambua herufi iliyokwama kwa kuisikia tu, akiwa nje anakunywa chai. Anayesema hivyo ni yeye mwenyewe; hatujapata shahidi.

Mwaka 1994 Kituo kilifungwa. Kilipofunguliwa tena miaka miwili baadaye, mashine hazikuwepo, na wengi wa wenzake hawakuwepo. Papa Hamdani alichukua ufagio akaanza na sakafu. Habari hiyo huisimulia kwa ufupi, nami naiacha fupi vilevile.

Intaneti ilitufikia mwaka 2000 kwa waya mmoja wa simu. Kabla ya kuunganika ililia kama jogoo aliyeshikwa shingo, na watu waliokuwa wakipita barabarani waliingia kuuliza tunachinja nini. Sasa niseme jambo kwa wasomaji wetu vijana. Ile programu inayotufungulia kurasa za intaneti, vitabu huiita kivinjari. Hapa Kamembe hakuna aliyewahi kuiita hivyo. Wateja walikipa kila kivinjari jina kutokana na picha yake. Netscape ilikuwa na usukani wa meli, ikaitwa Usukani. Internet Explorer ikaitwa E, basi. Firefox, na yule mnyama wake mwekundu aliyejikunja kuzunguka dunia, ikaitwa Mbwa wa Moto, ingawa Papa Hamdani alieleza mpaka sauti ikamkauka kwamba yule ni mbweha, na kwamba Mwislamu wa Kamembe hafugi mbwa kazini.

Papa Hamdani ana udhaifu mmoja, na leo nina ruhusa ya kuutaja. Hupenda kivinjari kipya kama familia inavyompenda mkwe aliyeingia jana. Usukani ulipofika, aliapa kwamba hakitakuja kizuri kuliko hicho. Mwaka uliofuata tukapata kompyuta zenye E, akaapa upya, na Usukani, aliyekuwa mfalme, akageuka mzee wa magoti mabovu. Wateja hawakuwa wepesi namna hiyo. Valens, dereva wa lori la saruji kutoka Muganza, aliikataa E kwa mwaka mzima.

"Usukani njo ya madereva," alikuwa akisema. "Sasa iyi E, mu kona nitaikamata wapi?"

Hata hivyo naye alihamia, na baada ya miezi michache alikuwa akiwacheka waliochelewa kuhamia. Nimeona hivyo kila mara. Kivinjari kipya hutukanwa wiki ya kwanza, huvumiliwa wiki ya pili, na wiki ya tatu kila mtu anadai alikuwa wa kwanza kukipenda.

Hapo ndipo mama yangu anapoingia katika habari hii. Wengi wenu mnamkumbuka Maman Nzigire, aliyekuwa akiuza maharagwe sokoni. Tuliishi Bukavu, tukavuka kuja huku Rwanda, lakini kaka yangu Muderhwa alibaki Kongo akisoma Lubumbashi. Vita vya mwaka 1998 vilipoanza, nchi ile ilikatika vipande viwili: Bukavu upande huu, Lubumbashi upande ule, na barua haikuweza kuvuka katikati. Baba yetu alikuwa Mnyarwanda, na kule Lubumbashi, ambako Rwanda ilihesabiwa adui, jambo hilo halikuwa la kusema kwa sauti. Miaka ilipita hatujui kama Muderhwa yu hai.

Papa Hamdani hakuwa ndugu yetu. Alikuwa mteja wa maharagwe tu. Lakini intaneti ilipokuja, alimwandikia kila mtu wa Lubumbashi ambaye anwani yake aliweza kuipata: paroko, mwalimu, hoteli, hata duka la vipuri vya magari. Paroko hakujibu. Hoteli ilimtumia bei za vyumba. Aliyejibu ni mwenye duka la vipuri. Alimjua kijana mmoja mwenye jina la Kishi, kabila la upande wa mama yake, ambalo ndilo lililomkinga. Mwaka 2001 barua pepe ya Muderhwa ikafika katika sanduku la Kituo. Mama aliisoma kwenye kompyuta ya dirishani, ndani ya E, mkono mmoja ukiwa juu ya kompyuta kama mtu anayempapasa mtoto mwenye homa.

Tangu hapo kila siku ya soko alikuja na kusema, "Papa Hamdani, unifungulie E yangu." Mimi niliajiriwa mwaka 2003 kukaa kwenye kaunta, nikawa namwona kutoka upande wa pili. Alikuwa akivua kandambili zake mlangoni. Hakuna aliyemwagiza.

Mwaka 2005 Muderhwa aliandika kwamba njia sasa zinapitika, anatafuta nauli, na kwamba siku ya kuja atatuandikia. Furaha ya nyumbani sitaieleza. Lakini mwezi huohuo Papa Hamdani alikuwa amempenda Mbwa wa Moto. Wakati ule kurasa nyingi zilirusha matangazo kama panzi, ukiua moja yanatoka matatu, na Mbwa aliyameza yote. Papa Hamdani alitangaza kwamba E inaondoka kwenye kompyuta zote, kabisa, mpaka mizizi.

Mama alikaa kwenye kompyuta ya dirishani, akakataa kuinuka.

Papa Hamdani alimfungulia barua ileile kwa Mbwa. Maneno yaleyale, jina lilelile. Mama alisogeza uso, akaangalia vizuri, akarudi nyuma.

"Iyi ni fotokopi," alisema. "Orijinali iko mule mu E."

"Maman, barua haikae mu E. E ni mlango tu."

"Njo vile nasema! Mwana yangu anajua ule mlango. Miaka ine anapitia pale. Akikuya akute umefunga, atasema tulikufa."

Kisha wateja wengine wakaanza. Huyu naye alikuwa na ndugu ndani ya E, yule alikuwa na mchumba. Valens alisema yeye hana mtu ndani ya E ila anaungana na Maman kwa heshima.

Mimi ni binti yake, na niliona haya. Nilitaka nimshike mkono nimtoe nje. Papa Hamdani alinizuia kwa macho, kisha akamuuliza mama kwa utaratibu, kama mtu wa serikali, "Maman, fotokopi ikiwa ya kweli, unaijuaje?"

Mama alimshangaa. "Kwani hauna muhuri?"

Kila mtu wa huku anajua. Diploma, kitambulisho, cheti cha ubatizo, ukitoa nakala huipeleki popote kabla haijagongwa muhuri kwamba inalingana na orijinali. Mama hakuwa akifanya mchezo. Alitaka Mbwa wa Moto athibitishwe kama karatasi nyingine yoyote.

Papa Hamdani alichapa barua ile mara mbili, moja kutoka E na moja kutoka kwa Mbwa. Akazibandika moja juu ya nyingine kwenye kioo cha dirisha, jua likizipenya kutoka nyuma, na kumwita mama afuate maneno kwa kidole. Mama hakuwa na haraka. Alifuata mpaka kwenye jina la mwanawe. Ndipo Papa Hamdani akachukua karatasi ndogo, akaandika "Nakala inalingana na orijinali", akaenda kuomba muhuri wa Kituo.

Maman Védastine alikuwa akila. "Papa Hamdani," alisema, "uo muhuri ni wa Kituo, hauko wa banyama."

"Directrice, mnyama mwenyewe ndiye anayeomba kazi."

Directrice alicheka mpaka akapaliwa na muhogo, na kwa mkono uliobaki huru akagonga, akatia saini. Karatasi ikabandikwa juu ya kioo cha kompyuta ya dirishani. Mama aliisoma, akagusa wino kama umekauka, kisha akasema, "Sasa sawa. Toa E."

Kufikia wiki iliyofuata kila mteja alitaka kukaa penye muhuri, ikabidi kompyuta zote zigongwe. Tangu siku hiyo hakuna kivinjari kilichoingia Kituoni bila kuthibitishwa. Chrome ilipofika mwaka 2010, na ule mpira wake wa rangi, watu walilalamika kwamba iko uchi, haina vitufe, itashikwa na baridi. Wakakaa na Fanta mkononi wakingoja Directrice afungue droo ya muhuri. Papa Hamdani alikuwa amekwisha kuapa, kama kawaida, kwamba hakitakuja kizuri kuliko hicho. Siku hizi vijana wa Nzahaha wanafungua kurasa zao kwenye simu shambani, wakipita kwetu wanatucheka na makaratasi yetu. Wacheke tu. Wiki yao ya tatu itafika.

Lakini narudi mwaka 2005. Wiki mbili zilipita bila barua, kisha ya tatu. Mama hakumlaumu mtu, ila nilimwona akitazama pale kwenye kioo ilipokuwa ile E, nami nilijua anawaza nini. Papa Hamdani naye alijua. Asubuhi alifika kabla ya wote, akafungua sanduku, akalifunga. Chai yake ilikuwa inapoa.

Barua ilikuja siku ya soko, mama akiwa amekaa palepale, kandambili zipo mlangoni. Papa Hamdani alisimama nyuma yake akasoma kwa sauti. Muderhwa alikuwa amekwisha kuvuka Zambia. Aliandika kutoka Mbeya, kwamba atapita mpakani Rusumo hadi Kigali, na Jumamosi atashuka na taxi kupitia msitu wa Nyungwe. Barua ilikuwa na mistari michache. Papa Hamdani aliisoma mara nne, kwa sababu mama alisema "rudia" mara tatu.

"Imepitia wapi?" mama aliuliza.

"Kwa Mbwa, Maman."

Mama aliinama mbele ya kompyuta, kichwa chini kabisa, kama anavyosalimiwa mkwe. "Aksanti, mbwa," alisema. Kisha akaimba. Wateja waliacha kazi zao wakapiga makofi, Valens akaenda kupiga honi ya lori, na Papa Hamdani, ambaye hachezi, alicheza. Siku hiyo hakusema kwamba ni mbweha.

Muderhwa alishuka Jumamosi ile, mwembamba, na begi moja. Hakurudi tena Lubumbashi. Leo anafundisha Nyakabuye, ana mke na watoto, na mama alipata miaka saba ya kumwambia ale zaidi.

Mama alitutoka mwezi wa pili mwaka huu. Mwishoni alikuwa katikati yetu, Muderhwa amemshika mkono wa kulia, mimi wa kushoto. Alitutazama mmoja baada ya mwingine, akatuhesabu kimya kimya kama alivyokuwa akitufanyia tulipokuwa wadogo wakati wa kulala, akafunga macho. Hakuna aliyekosekana katika hesabu yake.

Papa Hamdani, sasa naongea na wewe. Siku ile ungeweza kumcheka, na sote tungekusaidia kucheka, mimi wa kwanza. Ulimuuliza swali. Asante, kwa niaba ya Kituo, na kwa niaba ya wale ulioketi nao siku za soko wakati wengine tulikuwa na kazi nyingi. Nenda kwenye mpunga wako wa Bugarama, Mungu akupe mvua ya kiasi, magoti mazima, na wajukuu wanaouliza sana.

Na ukiswali jioni, ukishawataja wa kwako, umtaje na Maman Nzigire. Nasi wa Kituo, utukumbuke.

Tumukunde,
kwenye kaunta