Joho la Baba wa Mabinti

Marehemu baba yetu, Mitri Sawaya, alizaliwa Jumapili tarehe 4 Machi 1951, saa kumi na moja alfajiri, hapa hapa Kfar Sindyan, katika nyumba iliyo nyuma ya kinu cha zamani, akiwa mtoto wa nne wa Bwana Habib Sawaya na Bibi Wardeh, na tarehe hiyo nimeihakiki kwenye cheti chake cha ubatizo, kwa kuwa tangazo la msiba lililobandikwa na kamati ya parokia linasema 1953, na linasema pia kwamba marehemu hakuacha mrithi, kisha sisi watoto wake watatu tumetajwa chini kabisa, baada ya mabinamu.

Alisoma shule ya parokia hadi Juni 1964, akaacha, si kwa ujinga, bali kwa sababu, kama alivyotueleza mara nyingi bila kuona haya, hakuweza kufundishwa na mtu aliyevaa koti la kahawia juu ya suruali ya buluu, akapelekwa mjini Zahlé kujifunza ushonaji kwa fundi Naoum, na tarehe 3 Mei 1972 akafungua duka lake mwenyewe karibu na chemchemi.

Alishona nguo za wanaume tu, na wanaume wenyewe hakuwaonea huruma, alikuwa na dharau, na sioni sababu ya kulificha jambo hilo mbele ya watu aliowadharau, mteja akiomba suti ya kijivu kama ya shemeji yake alimjibu, "Nenda kaazime ya shemeji, ya nini kunimalizia chaki?", na mwalimu wa jiografia alipochagua kitambaa cha rangi ya haradali aliambiwa mbele ya mkewe, "Mwalimu, ukivaa hii watu watakupeleka hospitali," na wote walinuna, na wote walirudi, kwa sababu hapakuwa na mwingine katika bonde hili aliyeweza kulifanya bega la mtu mnyonge lionekane bega la mtu mwenye la kusema.

Tarehe 12 Septemba 1981 alifunga ndoa na mama yetu, Afifeh Rahhal, akiwa amevaa kizibao cha rangi ya cheri ambacho mama anasema kilimfanya yeye, bibi harusi, aonekane mgeni mwalikwa, wakajaliwa Ghada mwaka 1984, Mounira mwaka 1987, na mimi, Rindala, tarehe 14 Novemba 1996, na siku niliyozaliwa wanaume waliokuwa kwa kinyozi walimpigia kelele barabarani, "Vipi, Baba Mabinti, cherehani yako inashona sketi tu?", naye akamjibu aliyecheka zaidi, "Wewe una wana watano, na hakuna hata mmoja aliyekwambia suruali yako imepasuka nyuma."

Mwaka 1992 kamati ilianzisha sherehe ya Siku ya Baba, kila tarehe 21 Juni baada ya misa baba mmoja huvikwa joho uani mwa kanisa huku wanawe wa kiume wamesimama nyuma yake, na baba yetu ndiye aliyelishona joho hilo mwaka baada ya mwaka, kwa kitambaa chake na uzi wake, kama sadaka, na hayakuwahi kufanana mawili, muuza mbegu alipata la rangi ya komamanga kwa kuwa uso wake ulikuwa umepauka, mwenye gereji akapata jeusi lenye tarizi nyembamba ili shingo yake ionekane ipo, wakavikwa wanaume ambao wake zao walilea watoto peke yao, wakapigiwa makofi, na fundi akaketi safu ya mwisho.

Alilitaka joho, nalisema hili kwa kuwa yeye asingelisema, kila lilipokamilika alifunga mlango wa duka, akalivaa mara moja mbele ya kioo, akalivua kabla mama hajaleta kahawa.

Mwezi Mei 2019 mwenyekiti wa kamati, Bwana Toufic Khattar, ambaye wote tunamwita Baba Jirjis kwa jina la mwanawe, aliyeketi hapa safu ya kwanza, alikuja dukani na binamu yetu Imad, akasema, "Mitri, mwaka huu tumekufikiria wewe, panda jukwaani na Imad nyuma yako, watu waone jina lako halikatiki," baba akamwuliza, "Nina watoto watatu, Baba Jirjis, hesabu ulisomea wapi?", mwenyekiti akacheka, "Usikasirike, bwana, mabinti ni baraka, ila joho linataka mabega nyuma yake," na baba akasema, "Mabega ya Imad nayajua, niliyajaza pamba mimi mwenyewe," na mwaka ule joho likavaliwa na mtu mwingine, likiwa limeshonwa na yeye yule yule.

Mapafu yalianza kumsumbua Oktoba 2023, akatibiwa Zahlé, akarudishwa nyumbani Aprili, akaendelea kushona kitandani, safari hii joho la buluu ya wino lenye mizabibu ya uzi wa fedha, kwa ajili ya Bwana Khattar, ambaye kamati yake mwenyewe ilimchagua bila aibu kuwa baba wa mwaka, na jana, Ijumaa tarehe 14 Juni 2024, saa tisa alasiri, akafariki, pindo la kushoto likiwa halijashonwa.

Jioni ile ile wanaume wa kamati walileta suti ya kijivu ya kumzika nayo, na mwenyekiti akanivuta pembeni, "Rindala, binti yangu, Mungu awape subira, ila lile joho, sherehe ni Ijumaa ijayo, mpe tu Imad alibebe," mama akamsikia, "Baba Jirjis, mwili haujapoa!", naye akajibu, "Ndiyo maana nasema mapema, Mama Ghada, lisije likapotea katika pirika za msiba."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika na kukesha nasi, Padri Boulos aliyekubali nisome mimi wasifu huu ingawa kamati ilimtaka Imad, na mafundi wenzake kutoka Zahlé, waliokuja wamevaa vizuri, kamati nayo inashukuriwa kwa suti, ambayo imerudishwa.

Leo asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, nilifungua duka, nikalitandaza joho juu ya meza, nikafumua mishono ya pande zote mbili, nikachukua mkasi mkubwa, na pale palipokatwa kwa ajili ya tumbo la mwenyekiti nikakata hadi kwenye kipimo cha baba, ambaye mwishoni alikuwa mwembamba sana, kwa hiyo hakuna baba mwingine wa parokia hii atakayeweza kuingia ndani yake, Ghada akashona upande mmoja, Mounira upande mwingine, mimi nikamaliza pindo, kisha tukalipeleka nyumbani alikolazwa, tukawaomba wanaume watoke chumbani, tukamvika. Pumzika kwa amani, baba, limekukaa.