Lenah Mwihaki, Mke wa Wanjala

Wapendwa waombolezaji, majirani wa Mabanga na wageni wetu mliotoka Kitale, familia imenituma mimi Mukhisa, shemeji yake, niwasomee maisha ya Lenah Mwihaki, na mkiniona nikisita mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 4 Machi 1920 huko Kiambu, binti wa mzee Ndung'u, aliyehamia Kibomet karibu na Kitale kufanya kazi kwenye shamba la mahindi la mzungu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akabatizwa, kisha akawa fundi wa kushona nguo sokoni Kitale.

Mwaka wa 1939 aliolewa na kaka yangu Wanjala, na hapo ndipo shida yetu yote ilipoanzia, kwa maana Wanjala alipeleka ng'ombe kama tufanyavyo sisi Wabukusu, akarudi akijua amemaliza, naye mzee Ndung'u akawapokea kwa shukrani, akakaa akimngoja mbuzi wa ngurario, ambaye kwao Wakikuyu bega lake lisipokatwa mbele ya wazee, binti bado ni wa babake. Huyu hakuuliza, yule kwa heshima hakudai, na watoto wakazaliwa, Wepukhulu, Nasambu na Wacuka.

Serikali ilipotangaza hali ya hatari mwaka wa 1952, Wakikuyu wakaanza kupakiwa kwenye malori kurudishwa kwao, mzee Ndung'u akiwa mmoja wao, na Lenah akashikwa na hofu ambayo haikumtoka tena. Februari 1953 aliitwa barazani Bungoma, ambako wazee walikuwa wakibishana ni ndoa zipi sheria izikubali ili mke Mkikuyu asirudishwe, mmoja akisema ya pete peke yake, mwingine akisema ya ng'ombe ilikuwako kabla ya pete, hadi wa tatu akamgeukia Lenah, akamuuliza kama kwao mbuzi alichinjwa. Hakujua kudanganya, akasema hapana. Mama yetu Nakhungu akasimama, akawaambia huyu anapika kwenye mafiga niliyompa mimi, anayetaka kumchukua aanze na mimi. Chifu akamwacha abaki mpaka sheria iamue, na hadi leo haijaamua.

Walienda kwa pasta wafunge ya pete, naye akataka baba wa bibi arusi awepo, na baba alishapelekwa mbali. Basi akaishi hivyo, lori likinguruma anaita watoto ndani, nguo zake ziko kwenye furushi nyuma ya mlango, akiniuliza kwa sauti ndogo, shemeji, wakinichukua, watoto watakuwa wa nani?

Aliugua kifua Juni 1957, akafariki tarehe 9 Agosti, na swali lake la mwisho lilikuwa atazikwa kwa nani.

Jana kaka yake Ngari alifika, akasema jeneza halishuki kabla mila haijatimizwa, nasi tukadhani amekuja kumchukua. Kumbe alitaka mbuzi tu. Wanjala akamtoa zizini, bega likakatwa pale mlangoni, na Ngari akatamka mbele yetu sote kwamba Mwihaki ni mke wa Wanjala. Zizi letu halikukosa mbuzi miaka yote hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochimba kaburi hili kando ya nyumba yake, na mafundi wenzake wa Kitale mlioshona sanda.

Lenah, lile furushi tumelifungua. Pumzika kwa amani, uko kwako.