Tela Lililokuwa la Mikate

Kijiwe chenyewe kilikuwa benchi moja la mbao na jingine la mabomba ya chuma, yamewekwa kwa pembe mbele ya karakana ya kuchomelea, pale ambapo barabara ya lami inaishia na ya vumbi inaanzia. Muuza kahawa aliweka makaa yake chini ya paa la karakana, na wateja wake walikuwa walewale, kila mtu na mahali pake na jina lake la kijiweni. Siku zote mtu hukaa pale akanyoosha miguu. Alasiri hiyo hakuna aliyenyoosha. Mbele yao lilisimama tela fupi la mabati, kijani, lenye madirisha mapya yaliyokatwa kwa msumeno wa umeme, na mbele ya tela lilisimama trekta, na ukingoni mwa benchi la mbao alikaa Mzee Stoo kama mtu anayengoja kuitwa na daktari, macho kwenye kona.

Jina la Stoo alilipata kwa sababu alitunza stoo ya kiwanda mpaka akastaafu. Nyumba aliyoishi ilikuwa ya kiwanda, na kiwanda sasa kilikuwa kinaitaka. Shamba alikuwa nalo, kilimani, mahali ambapo nguzo za umeme hazijafika na bomba la maji halijasikiwa. Kujenga asingeweza. Akanunua tela lililokuwa likibeba mikate, akawaambia wenzake wa kijiweni wamsaidie kuligeuza makao. Mkewe hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema hivi: “Siku ya kuondoka nitakuja kuliona. Nikiona panakalika, tunakwenda wote. Nikiona hapakaliki, wewe nenda, mimi nakwenda kwa mwanao.”

Mwanao. Hakusema mwanetu. Stoo, ambaye maisha yake yote alihangaika kila kitu kiitwe kwa jina lake halisi, hakulala vizuri tangu neno lile litamkwe.

— Nasema tena, alisema dereva wa trekta, akitazama wingu lililokuwa linajaza upande wa kilima. Mvua ikianguka, ule udongo mwekundu mimi sipandi. Nikiupanda nitashuka kinyumenyume, na tela litanitangulia.

— Anakuja, Stoo alijibu.

— Umesema anakuja tangu kikombe cha kwanza. Na leo nisipokwenda, mpaka mvua ziishe sionekani tena huku.

— Mwache mzee apumue, alisema Cheche, fundi mwenye karakana, mtu mfupi ambaye nyusi zake ziliungua zamani na hazikurudi. Badala ya kugombana, tujipange. Shemeji akiuliza maji, tunajibu nini?

— Tangi liko chini ya sakafu, juu ya ekseli, Stoo alisema. Mfereji wa paa unaingiza maji ya mvua humo humo. Pampu ya mkono iko kwenye sinki.

— Hapo ndipo mlipoharibu, alidakia Injinia. Huyu alikuwa fundi wa redio. Jina alipewa kwa kuwa hakuna jambo duniani alilokosa maelezo yake. Tangi, akaendelea, lilitakiwa liwe juu ya paa. Mama afungue bomba, maji yashuke yenyewe kama hotelini. Pampu ya mkono? Mnamtaka awe na misuli?

— Maji juu ya paa! Cheche aliweka kikombe chini. Kona ya kwanza tu, tela linalala ubavu. Wewe umewahi kuchomelea hata mguu wa kiti?

— Naongea fizikia.

— Ongea fizikia. Mimi naongea chuma.

— Kosa halikuanzia kwenye tangi, alisema Balozi kwa sauti nzito. Balozi aliendesha malori ya masafa marefu, alivuka mipaka mpaka pasi yake ikajaa mihuri, na tangu hapo hakuna alilolikubali bila kulilinganisha na la nchi za watu. Kosa, akaongeza, lilianzia kwenye kuchagua. Nilimwambia achukue lile refu, jeupe, la ekseli mbili. Lile ni tela la mtu mzima. Hili ni kabati lenye magurudumu.

— Lile chesisi yake, mifupa yake ya chini, ilikuwa imeoza, Stoo alisema, macho bado kwenye kona. Nililala chini yake nikaigonga kwa nyundo. Hili lilitoa mlio. Lile lilitoa unga.

— Kutu kidogo. Rangi ingeficha.

— Imfiche nani? Mwenye kulala humo si ni mimi?

— Na mwenzio, alisema muuza kahawa taratibu, akimimina.

Kwenye kona alitokea mwanamke amebeba kikapu. Stoo akainuka nusu, mwanamke akakata kushoto, Stoo akaketi tena. Dereva wa trekta aliona yote hayo, akatazama wingu, akasonya.

— Tuendelee, Cheche alisema haraka. Akiuliza taa?

— Paneli, betri, taa nne, na pa kuchajia simu, Injinia alihesabu kwa vidole. Kazi yangu hiyo, sijisifu. Ila tela lina dosari moja. Jua linatembea, paneli haitembei. Dawa ni kuliweka tela zima juu ya sahani ya chuma inayozunguka. Asubuhi unalisukuma hivi, jioni unalisukuma vile.

— Tela zima?

— Kwa bega tu! Likipakwa grisi vizuri, hata mtoto analizungusha. Halafu angalia faida yake: asubuhi shemeji anafungua mlango anaona bonde, jioni anafungua mlango huohuo anaona mlima. Nani mwenye nyumba ya hivyo mjini?

— Na akitoka mchana kutafuta kuni, akirudi aukute mlango umehama? Cheche aliuliza. Mtamtafutia wapi huyo mama?

— Sahani ya nini, Balozi alisema. Kuna nchi nilipita, sitaitaja, wenzetu wanalifukia tela lote ardhini. Unaachwa mlango tu. Joto haliingii, baridi haiingii, mwizi anapita juu hajui kama chini kuna watu wanakunywa chai.

— Balozi, hilo tunaliita kaburi.

— Cheche! Stoo aligeuka kwa mara ya kwanza. Sauti yake haikuwa kubwa. Maneno hayo asiyasikie akifika. Nawaomba. Mnajua nyinyi leo ni leo. Mkitaka kucheka, chekeni nikishaondoka.

Kila mtu akajifanya ana shughuli na kikombe chake. Lakini Injinia hakuumbwa kwa kimya kirefu.

— Choo je? aliuliza chini kwa chini. Hapo ndipo kina mama wanapotushinda.

— Ndoo ndani ya sanduku, Cheche alisema. Juu kiti na kifuniko. Pembeni maranda ya seremala; ukimaliza unamwagia. Hakuna harufu.

— Shemeji umkalishe kwenye ndoo!

— Ni kiti! Nimekipiga msasa mwenyewe, nikakikalia nikakijaribu.

— Mnapoteza mali bure, Balozi alisema. Choo ni gesi. Gesi inapika chakula. Inayobaki unaiingiza kwenye injini ndogo, injini inazungusha magurudumu. Tela linajiendesha lenyewe mpaka kilimani, bila kumbembeleza mtu mwenye trekta.

Dereva wa trekta alishuka kwenye kiti chake polepole.

— Unasemaje wewe?

— Nasema kitaalamu.

— Basi mfungeni mtaalamu mbele, na choo chake. Avute. Mimi naondoka.

— Kaka, kaka, Stoo aliinuka, akamshika mkono. Si maneno yangu hayo. Ningoje kidogo tu.

— Nimekungoja mzee wangu. Mkeo haji. Nakwambia kama mwanao: haji.

Alikuwa bado ameushika mkono wa dereva alipomwona mkewe. Hakupitia kona ambayo Stoo aliikodolea macho tangu mchana. Alitokea nyuma ya karakana, njia ya mkato, na tayari alikuwa karibu nao, mwanamke mrefu, mtandio begani, begi mkononi. Moyo wa Stoo ukapanda kwa ajili ya lile begi, kisha ukashuka. Begi hufaa kwa safari zote mbili.

— Karibu shemeji! walisema kwa pamoja, wamesimama kama darasa.

— Ahsanteni. Poleni na kazi.

Aliliweka begi juu ya benchi, si ndani ya tela, juu ya benchi, akapanda kingazi cha chuma cha mlangoni, akaingia. Walibaki nje wakisikiliza. Pampu ililia, maji yakatoka. Cheche akafumba macho kwa shukrani. Droo ilifunguliwa, ikafungwa. Kifuniko cha mbao kiligonga. Balozi akatazama pembeni kwa adabu. Halafu hatua: moja, mbili, tatu, zikageuka, moja, mbili, tatu. Kisha tela likatulia kabisa, na Stoo akajikuta anahesabu alichosahau: mwiko una msumari wake, taa ina kulabu yake, sabuni ina kisahani chake, viatu vina rafu yake. Hakukumbuka kilichokosa mahali.

Mkewe alishuka. Alikubali kikombe cha kahawa, akanywa akiwa amesimama.

— Pamefanywa vizuri, alisema.

Cheche akacheka kwa sauti. Injinia akampiga Balozi begani.

— Nina swali moja tu.

— Uliza shemeji! Hata kumi, Injinia alisema.

— Nikinuna, nitanunia wapi?

Hakuna aliyecheka, kwa kuwa uso wake haukuwa na mzaha.

— Samahani shemeji, umesema… ukinuna? Cheche aliuliza.

— Nikinuna. Mimi huwa nanuna. Mwulizeni huyu.

— Ananuna, Stoo alisema kwa sauti ndogo.

— Nyumbani akiniudhi, natoka mlango wa nyuma, nakaa kizingitini, nachambua mboga. Hata kama hakuna mboga, nachambua. Hasira ikiisha naingia, maisha yanaendelea. Yeye nikimuudhi anavaa viatu, anakuja kukaa kwenye benchi hili. Tumezeeka hivyo. Sasa huko kilimani hakuna benchi, hakuna mlango wa nyuma, hakuna jirani wa kumpelekea uso wangu. Humo ndani nikigeuka nimemgusa. Ndiyo nauliza.

— Pazia, Injinia alisema. Tunatundika pazia katikati, zito.

— Nitamsikia anavyopumua. Nikiwa nimenuna, kupumua kwake ndiko kunakoniudhi zaidi.

— Tela la pili! Balozi alisema. Dogo, linafungwa nyuma ya hili. Tela la kununia. Na paneli yake.

— Kwa hiyo njia nzima watu watajua tumebeba ugomvi.

— Naweza kuchomelea kiti juu ya paa, Cheche alisema. Na ngazi. Na uzio mdogo.

— Ninune juu kama mwewe, fundi? Alimrudishia muuza kahawa kikombe. Nyinyi mnanishangaa. Haya niambieni, kila mmoja wenu hapa, leo amemwacha nani kwake amenuna?

Balozi alichungulia ndani ya kikombe chake, kilichokuwa kitupu. Cheche aliokota kipande cha chuma, akakitazama, akakirudisha alipokitoa. Injinia alianza kuhesabu kwa vidole, akaishia kwenye kidole cha kwanza.

— Tone hilo, dereva alisema, akifuta pua. Mzee, tela nifunge au nisifunge?

Mkewe hakumtazama dereva. Alikuwa anamtazama Stoo. Na Stoo alitafuta jibu kama alivyokuwa akitafuta vipuri stoo, rafu kwa rafu, na kila rafu aliyoifikia ilikuwa tupu. Angeweza kusema hatanuna tena. Angeweza kuahidi kutomuudhi. Ungekuwa uongo, na uongo wake mkewe anaujua kwa sauti kabla ya maneno.

— Sijui, alisema.

— Hujui?

— Sijui. Sikulifikiria kabisa.

— Hukulifikiria. Umefikiria sabuni.

— Nilifikiria sabuni.

Mkewe akaliendea benchi, akalichukua begi lake. Stoo hakuweza kutazama ataelekea wapi. Aliitazama miguu ya mkewe tu. Miguu ilipita mbele yake, ikapanda kingazi. Mlango ukafungwa, na komeo likalia kwa ndani.

— Ndiyo nini hiyo? dereva aliuliza. Amekubali?

— Amenuna, Injinia alinong'ona.

— Amenuna, lakini amenunia ndani, Balozi alisema.

— Mimi nataka neno moja, kabla udongo haujalowa. Nifunge au nisifunge?

Mvua ilikuwa imeshaanza kugonga mabati. Wenzake wote walikimbilia chini ya paa la karakana, pembeni ya makaa. Stoo alilisogelea tela peke yake. Alinyanyua mkono kuusukuma mlango, akausimamisha hewani. Alifikiri kidogo, akaurudisha ubavuni.

— Hodi, alisema.

Akagonga kwa kidole kimoja.

— Hodi hapo.

— Nani?

— Mimi.

— Mwenye nyumba amenuna, sauti ya mkewe ilisema toka ndani. Pita baadaye.

Stoo alisimama hivyo, maji yakimshuka kisogoni. Kisha akakunja kola ya shati, akamgeukia dereva.

— Funga, akamwambia. Mimi nitakaa na wewe huko mbele, juu ya madigadi ya trekta.