Bi Mwatima na Mstari wa Chokaa wa Darajani

Kwanza nawaomba radhi wasomaji. Tangu mwezi wa Novemba jarida hili la wafanyakazi wa barabara halikutoka, na kosa ni langu mimi mhariri. Nilitaka kumuaga Bi Mwatima Haroub Nahodha kwa habari iliyokamilika, yenye, mwishoni, uamuzi wa Kamati ya barabara juu ya mstari wake wa Darajani. Kamati imekaa mara tatu na haikuamua. Tarehe ya kustaafu haikuahirishwa: Jumamosi hii, tarehe 28 Februari 2026, Bi Mwatima anaondoka kazini baada ya kutumikia miaka thelathini na minane. Basi naandika kwa kilichopo.

Alikuja kwetu mwezi wa Machi 1988, akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili, wala hakuja kutafuta kazi. Kikosi cha kuchora alama za barabarani kilikuwa kikitumia uzi wa pamba, na uzi huo ulikatika kila ulipovutwa. Msimamizi wa wakati huo, marehemu Mzee Gharib, alikwenda Bwejuu kununua kamba ya makumbi ya nazi kwa mama yake Bi Mwatima, msukaji aliyejulikana pwani yote ile. Mama alimwambia kuwa kamba yake haimfai mtu asiyejua kuilowesha, kwa hiyo amchukue na binti akawaoneshe. Binti alipanda gari kuja mjini kwa siku tatu. Siku hizo tatu ndizo zinazokwisha Jumamosi.

Kwa wasioijua kazi yenyewe, nieleze kwa ufupi. Kamba hupakwa chokaa, hushikwa na watu wawili huku na huku, huvutwa ikakaza, kisha mtu wa tatu huinyanyua katikati na kuiachia. Ikipiga lami huacha alama iliyonyooka, na rangi huifuata alama hiyo. Kamba ikilegea kidogo tu, barabara nzima huonekana imelewa. Bi Mwatima hakupata kulegeza kamba. Vivuko vya mbele ya skuli nyingi za mjini ni kazi ya mikono yake, na mwaka 2006 alipewa usimamizi wa kikosi, mwanamke wa kwanza kuushika. Amefundisha watu kumi na mmoja. Wawili kati yao hawakuwa wakijua kuvuta mstari hata kwa rula.

Si kwamba hakuwahi kukosea. Mwaka 1997 alichora mshale uliowaelekeza madereva kwenye njia wasiyoruhusiwa kuingia. Aliligundua kosa hilo asubuhi yake, akienda sokoni. Hakurudi nyumbani wala hakukimbilia ofisini. Aliweka kikapu chini, akasimama juu ya mshale wake na kuwageuza madereva kwa mkono. Dereva mmoja akamfokea, "Bi mkubwa, ondoka barabarani, utagongwa!" Naye akamjibu, "Mshale umekosea, mimi nshajirekebisha. Pita huku!" Alisimama pale kwa muda wa saa mbili nzima, mpaka wenzake walipofika na rangi. Kisha akaandika barua ya kujishtaki kwa mkuu wake. Barua hiyo ninayo katika jalada. Ina mistari minne na haina kosa la sarufi.

Lakini kazi iliyomtambulisha kwa mji mzima ni ya mwaka jana. Mwezi wa Agosti uliitishwa mkutano wa wananchi katika ukumbi wa skuli, kujadili namna ya kuipanga upya barabara inayotoka Mnazi Mmoja na kupita mbele ya soko la Darajani. Wako waliotaka ipanuliwe kwa ajili ya magari. Wako waliotaka ukingo wake utengwe kwa ajili ya baiskeli. Wako pia waliotaka tramu, yaani treni ndogo ya umeme ipitayo katikati ya barabara, na mimi nilikuwa mmoja wao. Niliwakumbusha wenzangu kwamba mji huu uliwahi kuwa na reli ya kwenda Bububu zama za babu zetu, na nikasoma karatasi ya kurasa sita.

Nilipomaliza, Bi Mwatima aliomba nafasi. Aliniuliza, "Shekhe, hiyo tramu si inakwenda juu ya reli? Ikimkuta mwenye mkokoteni wa mananasi kasimama, itamzunguka vipi?"

Nilimjibu kuwa mwenye mkokoteni atahamishwa.

"Miaka thelathini na saba namhamisha," akasema. "Nikigeuka, yupo."

Ukumbi ulicheka, na mimi nilikaa. Sijaiacha hoja yangu ya tramu mpaka leo.

Aliyefuata kusema alikuwa Bwana Hamad, muuza mabati na misumari wa Darajani, ambaye duka lake linaitazama barabara hiyo. "Hizo baskeli mnazozisema ziko wapi? Mimi kutwa naona magari tu!" Sauti ikatoka nyuma ya ukumbi: "Utaziona wapi, nawe umezizibia njia kwa mabati yako?" Mkutano ulifungwa bila ya muafaka, na Kamati ikaagiza njia ya baiskeli ijaribiwe kwanza.

Agizo lilikuja Septemba kwa barua ya Mhandisi Masoud, kijana wetu msomi anayeusimamia mradi. Nainukuu kama ilivyo, kwa sababu kila neno lake litahitajika mbele: "Mstari wa muda uchorwe kutoka Mnazi Mmoja hadi Darajani, hadi uamuzi utakapotolewa." Mhandisi alikusudia rangi ya kawaida. Bi Mwatima aliikataa. "Rangi inakaa miaka mitatu," alimwambia. "Huo si muda, hiyo ni ndoa." Akachukua chokaa, akaichanganya na chumvi ili ishike, na kila Jumatatu na Alhamisi asubuhi akauchora mstari upya.

Hapo ndipo ilipoonekana hekima ya chokaa. Mstari uliochorwa upya mara mbili kwa wiki ni mstari unaoweza kusikiliza. Wiki ya kwanza wachuuzi wa samaki walilalamika kuwa wakikutana wawili, mmoja hutumbukia upande wa magari. Bi Mwatima aliwapanga na baiskeli zao, akainyosha kamba juu ya matenga mawili yaliyo mapana kuliko yote, akafunga fundo. Alhamisi iliyofuata njia ilikuwa na upana wa mita moja na sentimita themanini.

Mhandisi Masoud alifika mbio. "Bi Mwatima, ramani inasema mita moja na nusu!"

"Ramani haijabeba samaki, mwanangu."

Kwa heshima yake nasema kuwa Mhandisi hakukasirika. Alitoa futi yake ya chuma, akapima matenga mwenyewe, akarudi ofisini na kuisahihisha ramani.

Bwana Hamad naye alikuja na shauri lake. "Huu mstari wako umeingia kizingitini kwangu!" Bi Mwatima aliutazama mstari, akayatazama mabati yaliyopangwa nje ya duka, akasema, "Mstari haukuingia kwako, Bwana Hamad. Mabati yako ndiyo yaliyotoka." Walibishana asubuhi tatu, kila mmoja akimwita mwenzake jirani mbaya, na ya nne wakanywa kahawa. Mabati yaliingizwa ndani shubiri tatu, na mstari ukasogezwa shubiri moja. Siku hizi Bwana Hamad humfukuza mwenyewe dereva anayeegesha gari juu ya chokaa. Nimemsikia kwa masikio yangu: "Toa gari lako! Hii njia tumeigombea mpaka tumekonda!"

Sitaki kumsifu mtu kwa kuficha mambo. Foleni ya magari pale Mnazi Mmoja imekuwa ndefu kidogo wakati wa asubuhi, na wenye magari wana haki ya kulisema hilo. Lakini baiskeli, ambazo kikosi kilihesabu mia mbili kwa asubuhi moja mwezi wa Septemba, zilifika mia tatu na arobaini mwezi wa Januari. Wamo walimu, wamo wauguzi, na yumo hata karani mmoja wa ofisi yetu aliyekuwa akichelewa kila siku. Sasa anachelewa siku moja moja.

Mimi na Bi Mwatima tulikwaruzana mara moja katika jambo hili. Aliandika BASKELI juu ya lami, kama watu wanavyotamka. Nilimpelekea dokezo rasmi kwamba neno hilo huandikwa BAISKELI, na kwamba ofisi ya umma haiandiki kosa kwa herufi za urefu wa mita moja. Alinijibu nyuma ya dokezo langu: "Nafasi ilitosha herufi saba. Ya nane mvua itakuletea." Mvua za vuli zikanyesha, zikafuta kila kitu, na Alhamisi iliyofuata nilikuta BAISKELI yenye herufi nane, kila moja mahali pake. Nilimpelekea dokezo la pili la kumshukuru. Hilo hakulijibu.

Mwezi huu wa Februari jambo likawa zito. Kamati iliahirisha kikao chake hadi baada ya Sikukuu, na masika haisubiri vikao. Tena ofisi ikaandika kuwa, kwa kuwa msimamizi wa jaribio anastaafu, jaribio nalo lifungwe siku hiyo hiyo. Maana yake ilikuwa wazi. Mvua ya kwanza ya Machi ingeusafisha mstari, magari yangerudi mahali pake, na Kamati ingekutana kuamua juu ya kitu ambacho hakipo tena.

Katika miaka thelathini na minane Bi Mwatima hakupata kuniomba kitu. Siku ile alikuja mezani kwangu, akaweka barua mbili, ile ya Septemba na hii mpya. Hakukaa. "Bwana mhariri," alisema, "wewe si mtu wa sarufi? Hebu nisomee hii ya zamani. Imenitaja mimi?"

Niliisoma mbele yake, neno kwa neno. "Uchorwe" ni kitenzi cha kauli ya kutendwa. Kinataja kitakachotendwa, nacho ni mstari, wala hakimtaji mtenda. "Hadi uamuzi utakapotolewa" ni kikomo, na kikomo hicho ni uamuzi. Si tarehe wala kustaafu kwa mtu yeyote. Uamuzi haukutolewa. Kwa hiyo agizo la Kamati lingali na nguvu, na mtu mwingine yeyote wa kikosi aweza kulitekeleza. Niliyaandika hayo katika ukurasa mmoja. Mhandisi Masoud alitia saini siku ile ile, ofisi ikaiondoa barua yake, na Saadiya Vuai, mwanafunzi wa mwisho wa Bi Mwatima, akakabidhiwa mstari.

Bi Mwatima alipopewa habari hiyo alisema, "Miaka yote hii nkidhani sarufi imewekwa kwa ajili ya kunisumbua mimi."

Alhamisi iliyopita, tukiwa tumefunga saumu, nilikwenda Darajani kumwona akichora kwa mara ya mwisho. Mtu mmoja wa kikosi alikuwa amechelewa. Bi Mwatima hakuniuliza kama nataka; alinitia ncha ya kamba mkononi. "Shika chini kabisa. Usinyanyue mkono mpaka nkwambie." Saadiya alikaza upande wa pili. Bi Mwatima akainyanyua kamba katikati na kuiachia, na chokaa ikaruka mpaka kwenye kofia yangu. Bwana Hamad aliyekuwa mlangoni akasema, "Leo hata wa tramu kaja kutuchorea!" Nilitazama chini. Mstari ulikuwa umenyooka kutoka kwangu hadi mwisho wa macho yangu, nami nilikuwa nimeinama pale pale, kwa sababu Bi Mwatima alikwisha kwenda kuzungumza na wachuuzi wa samaki.

Kamba ya mama yake anarudi nayo Bwejuu, na ni haki yake. Saadiya amesuka ya kwake. Niliikagua mwenyewe, na haina kasoro.

Bi Mwatima, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako nakushukuru kwa kila mstari ambao mji huu umeupita bila ya kujua nani aliuchora. Mwenyezi Mungu akupe afya, akupe na usingizi wa asubuhi ulioukosa kila Jumatatu na Alhamisi, na maisha ya starehe pamoja na wanao na wajukuu. Uamuzi utakapotolewa nitakuandikia siku hiyo hiyo, kwa mkono wangu. Ikiwa ni rangi nitaandika kuwa ni rangi, na ikiwa ni vinginevyo nitaandika vivyo hivyo bila ya kuzungusha maneno. Hadi hapo Saadiya atachora, mvua ikifuta atachora tena, na mtu wa kikosi akichelewa mimi nipo. Uliniambia nisinyanyue mkono mpaka uniambie, na hujaniambia.

Talib Mwinyi
Mhariri