Unga Uliorudi Garini

Benchi letu la Kisauni, mbele ya kinyozi, halina haya, na mimi nimo. Asubuhi ile tulikuwa tukimsengenya Garama, mchukuzi wa soko la Kongowea, na mwenyewe hayupo. Ilikuwa mwaka wa tisini na tatu, njaa imeshaingia majumbani. Juzi yake alikuja msichana wa chuo kikuu na gari la unga, anafanya utafiti. Mnapangwa wawili wawili, hamwonani. Mmoja apewa mfuko, aseme mwenzake atapata kiasi gani. Mwenzake akikubali, kila mtu achukua chake. Akikataa, unga wote warudi garini. Sisi, waliogawa na waliogawiwa, kila mtu alisema amerudi na chake. Garama akatengewa kibaba kimoja, unga wote uliobaki mfukoni uwe wa mtu asiyemjua. Akakataa.

— Mjinga yule, akasema Ishaka, muuza makaa. Kibaba ni uji wa watoto.

— Mjinga wapi? Kamtia adabu yule mroho, akajibu Nguma, tunayemwita Hakimu kwa kupenda kwake kukata kesi. Wote wawili wamelala njaa.

— Na huyo mroho ni nani? nikauliza.

Kila mtu akatazama kikombe chake cha kahawa. Ishaka akaapa wallahi si yeye. Hakimu akadai hakuna mroho, yule msichana ndiye aliyemtega Garama apate cha kuandika. Ishaka akaona hiyo haitoshi: hao watafiti wanapima utu wetu twauuza kwa kiasi gani, wakishajua, hicho ndicho tutakacholipwa bandarini. Rama, muuza kahawa, akasema hata njaa yenyewe imeletwa kwa ajili ya utafiti. Tukacheka, kicheko cha ovyo.

Tulikuwa bado twacheka alipofika Nyamvula, mke wa Garama, mtoto mgongoni. Hakutuamkia. Yule mtoto alikuwa macho wala halii, nami nikaingiwa na hofu.

Hakimu akamwambia mumewe ni mwanamume wa kweli. Ishaka akasema mumewe amewaponza.

— Sikuja kwa habari za mume wangu, akasema Nyamvula. Nyote mlirudi nyumbani na unga, na mwajua wanangu hawajala. Nani kati yenu aliyefikiria kuniletea hata kibaba?

Rama akainamisha dele lake la kahawa juu ya kikombe changu. Hakikutoka kitu, naye akazidi kuliinamisha.